Usukani Mzito, Njia ya Sake

Mlima wa moto ulipopasuka, mimi sikuwa mtu wa Goma. Nilikuwa mgeni, natokea Butembo, na nilikuwa nimemleta mama mkwe wangu kufanyiwa operesheni ya jicho. Mke wangu alikuwa ametoka tu kujifungua, hakuweza kusafiri. Shemeji zangu walikuwa wametawanyika, mmoja Beni, mwingine Kisangani. Nikabaki mimi, pamoja na gari la kaka yangu ambalo niliazima kwa kuapa kwamba nitalirudisha kama nilivyolichukua.

Katika familia ya mke wangu, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Hatuli meza moja. Safari nzima ya kushuka kutoka Butembo alikaa kiti cha nyuma, kitenge begani, nami niliinua kile kioo cha ndani kidogo ili macho yetu yasikutane. Alipotaka jambo, aliliambia dirisha. "Mutu mwenye kuendesha angekunywa maji kidogo," alisema tulipopita Kanyabayonga. Nikanywa maji. Kule chini, katika pori la mbuga, magari yote yalisubiriana na kwenda kwa msururu, askari mbele na askari nyuma, kwa sababu waasi walikuwa wakitoka majanini na kuchoma malori. Nilishika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye alisali rozari yake taratibu, kwa sauti ya kuniruhusu nisikie.

Goma tulipokelewa mtaa wa Murara, kwa mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka Maniema na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinunua maharage kwa baba yangu. Operesheni ilikwenda vizuri. Daktari alilifunika jicho kwa bandeji na kutoa onyo moja: asiiname, asinyanyue kitu kizito, asijikaze. Jicho lilikuwa bado bichi, alisema, likishtuka linaweza kupotea.

Tulikuwa tukingoja ruhusa ya kurudi nyumbani wakati mbingu za jioni moja zilipogeuka nyekundu upande wa kaskazini. Sitasimulia yote ya usiku ule. Moto uliteremka upande wa Munigi, ukala nyumba za watu na mashamba yao, kisha ukasimama kabla haujafika mjini. Asubuhi tulikuwa hai. Lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka wakati wa chai, ikatetemeka wakati wa sala, na nyufa zikatembea katika kuta za mwenyeji wetu kama mizizi.

Nilichotaka ni kurudi nyumbani, basi. Nikaenda peke yangu na gari hadi Munigi kuangalia njia. Njia haikuwepo. Palikuwa na ukuta wa mawe meusi, unafuka moshi, umelala juu ya lami kana kwamba ulikuwepo tangu zamani. Askari aliyesimama pale alinipungia mkono nirudi.

"Unaenda wapi, papa?"

"Butembo."

"Njia imekufa. Rudia."

Nilizungusha gari mahali pembamba, juu ya mawe makali, nikikaza usukani hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto. Chini kitu kiligonga. Sikushuka kukiangalia. Harufu ya pale ilikuwa inanifukuza.

Siku chache baadaye, asubuhi, redio ikatangaza kwamba watu watoke mjini. Walisema moto unatembea chini ya mji, pengine hata chini ya ziwa. Katika uwanja wa nyumba watu walianza kukimbia kabla mtangazaji hajamaliza. Mwenyeji wetu na watoto wake waliamua kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu, kwa binti yao aliyeolewa huko. Gari la kaka yangu halikuwa na karatasi za kuvuka mpaka, na mama mkwe hakuweza kutembea katika msongamano na jicho lile. Mke wa mwenyeji alinitia mikononi thermos ya chai na chapati zilizofungwa katika kitambaa.

"Shika njia ya Sake, papa," aliniambia. "Kwenda sasa hivi, mbele batu hawajajaa."

Batu walikuwa wameshajaa. Walimiminika kutoka Mabanga na kila kichochoro, na magodoro vichwani, kuku mikononi, watoto migongoni. Gari lilikwenda kwa mwendo wa mguu. Tulipofika Ndosho, mama mmoja mwenye kichanga na watoto wengine wadogo aligonga dirisha langu, akaonyesha kiti cha nyuma. Nilisita. Gari lilikuwa si langu, na sikujua tunakwenda wapi.

"Batu wenye kuwa na nafasi wangepandisha bale batoto," mama mkwe aliliambia dirisha lake.

Wakapanda nyuma pamoja naye, na vifurushi vyao, na sufuria yenye maharage ambayo bado yalikuwa ya moto.

Hapo ndipo gari lilipoanza kulia. Kila nilipokata kona kidogo, chini ya boneti kilitoka kilio kirefu, chembamba. Usukani ukawa mzito. Kisha ukawa mzito zaidi. Nikasogea pembeni nikafungua boneti. Mafuta mekundu yalikuwa yanadondoka juu ya mawe, tone baada ya tone, na ule mpira unaopeleka mafuta kwenye usukani ulikuwa umepasuka. Nilikumbuka Munigi na kile kitu kilichogonga chini ya gari.

Dereva wa lori lililokwama kando yangu alichungulia kutoka juu, akaonyesha usukani wangu kwa kidole.

"Volan imekufa?"

"Imekufa. Gari itatembea?"

"Itatembea, muzee. Lakini utalima." Alicheka bila furaha. "Usizungushe gari ikiwa imesimama. Acha itembee kidogo, ndiyo uvute."

Nililima. Kwenye barabara tupu, gari likikimbia, usukani wa namna ile unaweza kuvumilika. Lakini mimi sikuwa na barabara tupu. Nilikuwa na watu mbele, watu nyuma, watu wanaopita ubavuni wakishikilia vioo. Kila baada ya hatua chache ilinibidi kukwepa mtu. Mabega yaliwaka moto. Jasho liliingia machoni nami sikuweza kuachia mkono mmoja kulifuta. Niliwaza: mikono hii ikichoka, nitaua mtu.

Nyuma kidogo ya Mugunga, mzee mmoja alikuwa anasukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, imebeba godoro na mbuzi aliyefungwa miguu. Chukudu ikayumba mbele yangu. Nikavuta usukani kushoto kwa nguvu zote, nao haukusogea. Nikakanyaga breki. Bampa ikaigusa chukudu, nayo chukudu ikaanguka, mbuzi akapiga kelele, na mzee akakaa chini barabarani akinitazama.

Hakuumia. Lakini watu hawakuliona hilo. Walizunguka gari na kupiga boneti kwa viganja.

"Unataka kuua batu! Tunakimbia moto, weye unatuua!"

Nilijua hasira za watu wanaokimbia. Nimeziona utotoni, wakati wa vita, mtu akipigwa kwa kosa dogo kuliko lile. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguliwa. Mama mkwe alikuwa ameshuka, bandeji nyeupe kwenye jicho, kitenge kimekazwa kiunoni.

"Batoto yangu," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, "gari iko mugonjwa. Volan haipindi. Huyu hakufanya kwa kusudi. Mutusaidie tuinue chukudu ya muzee."

Alikwenda mwenyewe kwenye chukudu na kuishika. Vijana wawili wakaona aibu, wakaiinua kabla yake. Mzee akasimama, akakung'uta suruali yake, akamtazama mbuzi kama yuko mzima. Watu wakaanza tena kutembea, maana nyuma yao wengine walikuwa wanasukuma.

Nilidhani atarudi kiti cha nyuma. Alizunguka mbele, akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi kando yangu. Hatukuwa tumewahi kukaa karibu namna ile. Nilitazama miguu yangu. Yeye akanyoosha mikono yote miwili, akaushika usukani.

"Sema upande," aliniambia. Aliniambia mimi, si dirisha.

"Mama, hapana. Daktari alikataza. Jicho..."

"Jicho ni yangu. Sema upande."

Yule mwanamke, mke wa mkulima na mkulima yeye mwenyewe, alikuwa na mikono iliyopiga jembe kwenye miteremko ya Lubero tangu utoto. Niliondoa breki, gari likasogea.

"Kushoto, mama."

Tukavuta pamoja. Usukani ukakubali.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. "Kulia. Acha. Kushoto, kushoto tena." Mikono yetu iligongana na kupandana, na mwanzoni kila mara nilirudisha wangu kama niliyeungua. Baadaye sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nyuma, kichanga kililia na mama yake alimnyonyesha huku akisali. Ardhi ilipotetemeka, watu wote barabarani walichuchumaa kwa pamoja, nasi tukabaki tumeshika usukani uliokuwa ukicheza mikononi mwetu peke yake. Nilimtazama mama mkwe kwa pembeni. Chini ya bandeji palikuwa na unyevu. Sikujua kama ni jasho, machozi au kitu kibaya zaidi, na sikuthubutu kuuliza.

"Nimekimbia mara mingi," alisema, akitazama mbele. "Waasi ba kwanza, na bale ba nyuma. Siku zote kwa miguu. Ndani ya gari ni mara ya kwanza." Akakaza tena mikono kwenye usukani. "Kwa miguu iko mwepesi."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko cha kutetemeka, lakini kilinisaidia kupumua.

Mteremko wa kuingia Sake ndio ulionitisha kuliko vyote. Tuliushuka kwa gia ndogo, tukiwa tumeuma meno, upande mmoja watu na upande wa pili shimo. Kwenye kona ya mwisho nilimsikia akiguna kama mtu anayenyanyua mzigo mzito sana, nikajua anafanya kile hasa alichokatazwa. Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa, nilizima injini na sikuweza kufungua vidole. Yule mama wa watoto ndiye aliyevifungua, kimoja kimoja, kisha akatushukuru na kwenda kutafuta kivuli.

Nilimtafuta muuguzi kati ya watu wale wote kama mwendawazimu. Nilimpata akiwa anagawa dawa za kuhara chini ya turubai. Alifunua bandeji taratibu, nami niligeuka, sikutaka kuona.

"Limewiva nyekundu kidogo," alisema. "Lakini liko. Mama, hii ni vidole ngapi?"

Mama mkwe alimjibu sawasawa. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia mahali asiponiona.

Tulikaa Sake mpaka watu walipoanza kurudi mjini. Fundi mmoja alitutilia mpira mwingine, uliotolewa kwenye gari bovu, na usukani ukawa laini hata nikauogopa. Habari zilisema kwamba waasi wako milimani juu ya Sake, kwa hiyo tulirudi Goma, tukangoja mashine zisawazishe yale mawe ya Munigi. Siku tulipoyapita, joto lilikuwa bado linapanda kupitia sakafu ya gari. Tukashika tena msururu wa askari, tukapita mbuga salama.

Butembo, mke wangu alitoka mpaka barabarani na mtoto mikononi. Mama yake alishuka, akampokea mjukuu, akaanza kumwambia binti yake kwamba Goma maji ni ya shida na chapati zao ni tamu. Nilikaa garini kidogo nikiwasikiliza, mpaka kaka yangu alipokuja, akalizunguka gari lake lote, na kuniuliza kwa nini bampa ina alama.