Sinyangwe Mwanamke

Jumamosi kwetu Tunduma ilinukia kiwi ya viatu. Siku nyingine zote mtaa wetu ulinuka dizeli, kwa sababu malori yaliyosubiri kuvuka kwenda Zambia yalipanga foleni mpaka karibu na choo chetu, na madereva walipika ugali kando ya matairi na kuchota maji kisimani kwetu bila kuomba. Lakini Jumamosi asubuhi wazee waliopigana vita vya Kagera walipita mbele ya nyumba yetu kwenda kwa Mzee Silwimba, mwenyekiti wao, wamevaa buti zilizong'arishwa mpaka unaona wingu juu ya vidole, na ile harufu nzito ilitangulia kuingia ndani kabla wao hawajafika mlangoni. Mama alikuwa akifunga dirisha. Alisema watu wazima wanaong'arisha viatu vile lazima wana jambo wanalolificha. Mama alikuwa hivyo, na mimi nimemrithi. Sisi ni watu wa mpakani. Ukimuuliza mtu wa Tunduma jina lake, anakuuliza kwanza unalitakia nini.

Nilikuwa darasa la nne, na kwa sababu uwanja wa Mzee Silwimba ulipakana na wetu, nilijua shughuli za wazee wale kuliko masomo yangu. Walipanda miti shuleni na kuja kuikagua kana kwamba itatoroka. Walitufundisha gwaride la sherehe za Uhuru, wakatufokea tukikosea kushoto na kulia. Walikwenda kuzikana. Zaidi ya yote walikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko redio. Mwenyekiti alisimama na kuita majina ya wanachama wote wa mkoa, kwa kichwa tu, bila karatasi. Aliyekuwepo alijibu, "Nipo!" Asiyekuwepo, jirani yake alimtolea habari: yuko Msangano, mvua imemsombea mpunga; yuko Mbangala, ameozesha binti; yuko Isongole, anaumwa kifua. Hivyo ndivyo habari za mkoa mzima zilivyofika pale uwanjani. Aliyefariki aliitwa kwa mara ya mwisho siku ya mazishi yake, watu wote wakakaa kimya, kisha mwenyekiti akasema, "Amepumzika."

Mwaka huo ndipo Shangazi Eliza alipoturudia. Ni dada yake Baba, lakini Baba mwenyewe alikuwa mtoto wa mgongoni dada yake alipoondoka nyumbani, kwa hiyo walisalimiana kama wageni wawili waliokutana stendi. Alishuka na begi moja na redio ndogo ya betri. Alisema alikuwa jeshini, akaenda vitani, kisha akaolewa Tabora, na sasa mume amefariki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Eya mukwai." Maneno hayo kwa Wazambia ni ndiyo ya heshima. Mama aliyachukua sokoni alikouza mchele, na nyumbani aliyatumia pale tu asipoamini hata neno moja.

Shangazi alikuwa na mambo yake. Ukimtuma au ukimweleza jambo, alijibu, "Nimekupata." Alifungua redio yake kwa kuzungusha kile kitufe polepole mno, kichwa kimeinama upande, hata kama stesheni ilikuwa wazi tangu mwanzo. Niliyaona haya yote kwa sababu Mama aliniambia nilale naye chumba kimoja na nimwangalie. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Jumamosi ya kwanza alivuka uwanja, akasimama mbele ya wazee, akapiga saluti. "Koplo Sinyangwe," alisema. "Naomba niitwe kwenye majina."

Hapo nieleze, maana asiye Mnamwanga ataona hakuna tatizo. Kwetu ukoo mmoja una majina mawili. Mwanaume anaitwa Sinyangwe, na dada yake wa tumbo moja anaitwa Nanyangwe. Si ni ya wanaume, Na ni ya wanawake, na hakuna mtoto wa Kinamwanga anayekosea hilo, kama vile hakuna anayemwita mama yake baba. Mwanamke kusimama hadharani na kusema yeye ni Sinyangwe lilikuwa jambo la kuchekesha, na wanawake waliokuwa wakikoroga uji pale walicheka. Wazee hawakucheka hata kidogo. Sinyangwe walikuwa wanamjua.

Walimjua kwa masimulizi. Mwenzao mmoja, Mzee Kibona wa Isongole, alikuwa amewasimulia miaka yote habari za askari wa redio koli aliyeitwa Sinyangwe. Kikosi cha Kibona kilipozingirwa, Sinyangwe alibaki kwenye redio kutwa nzima akiwaelekeza njia ya kutokea, hakula, hakuondoka, mpaka wa mwisho alipotoka salama. Wazee waliipenda hadithi ile kama nyimbo za kanisani. Ila Kibona alikuwa Mndali, na mambo yetu ya Si na Na hayakumhusu. Kiswahili nacho hakisemi aliyefanya ni mume au mke. Kinasema alibaki, aliita, aliwaokoa. Kibona alipotaja Sinyangwe, kila Mnamwanga pale uwanjani aliona ndevu.

"Sinyangwe nitamwita akija mwenyewe," alisema Mzee Silwimba. "Wewe, dada yangu, ni Nanyangwe."

"Karani wa kambi hakuwa Mnamwanga, kaka. Aliniuliza jina la baba, nikamtajia. Akaniita hivyo, na jeshi zima likaniita hivyo. Muulizeni Kibona. Yeye ndiye aliyekuwa upande wa pili wa redio yangu."

Wazee walitazamana. Kibona alikuwa amepigwa na kiharusi, na tangu hapo hakuwa anasema neno. Habari hiyo ilitolewa pale pale uwanjani kila Jumamosi. "Ametafuta shahidi bubu," mzee mmoja alisema. Shangazi hakuondoka. Alikwenda kukaa kwenye mkeka wa wakoroga uji, na kila Jumamosi alirudi kukaa pale, akisubiri majina mpaka yaishe.

Kama mambo yangeishia kwenye kicheko, yangepita. Lakini Baba alikuwa na kaka, Yoramu, aliyeondoka nyumbani msimu ule ule alioondoka Shangazi. Familia ilijua amekwenda migodini Zambia, na hakurudi. Sasa watu wakaanza kupiga hesabu. Kama Sinyangwe wa redio alikuwa mwanaume, na Yoramu alikuwa Sinyangwe, basi aliyekwenda vitani ni Yoramu. Na kama ni Yoramu na hajarudi, basi amekufa, na huyu dada yake amelivaa jina lake kama koti la marehemu, na sisi hatujamlilia ndugu yetu wala hatujamwekea tanga. Maneno hayo yalitoka uwanjani, yakapita sokoni, yakaingia jikoni kwetu. Mama aliacha hata ile eya mukwai yake. Alianza kumpakulia wifi yake bila kumtazama.

Baba ndiye aliyenitisha. Alikuwa mtu wa upole, anayeomba samahani hata akigongana na mbuzi. Jioni moja aliweka kijiko chini akamwambia Shangazi, "Dada, kama kaka amekufa, niambie nimlilie. Usiponiambia, mimi siwezi kuendelea kula na wewe." Shangazi akajibu kwamba hajui Yoramu aliko, na kwamba vitani alikwenda yeye. Baba akachukua sahani yake akaenda kulia chakula nje. Siku zilizofuata alikula nje. Nilijua linalokuja: kwetu, ndugu asiyekula nawe hawezi pia kukuweka chini ya paa lake. Begi la Shangazi lilikuwa limeanza kufungashwa. Niliona, maana kazi yangu ilikuwa kuona.

Ndipo Kibona alipofariki. Wazee walikodi Fuso, nasi tuliokuwa na magunia ya mchele wa rambirambi tukapanda nyuma. Shangazi alipanda bila kualikwa, akanishika mkono ili aonekane ananipeleka mimi. Mzee Silwimba alimwona, akageuza uso. Barabara ya Isongole wakati ule ilikuwa vumbi la kukaba koo, halafu ghafla tukaingia kwenye ukungu wa Ileje, vumbi likageuka tope kwenye nyusi zetu. Tulifika tukiwa tumepakaa tope kama vyungu, na wazee wakatoa matambara mifukoni wakafuta buti zao kwanza, kabla ya nyuso.

Mjane alikuwa amekaa mkekani kando ya jeneza, mwanamke mfupi mwenye macho makali. Tulipanga mstari kumpa pole. Shangazi alipofika aliinama, akamshika mikono, akasema kama adabu inavyotaka, "Pole sana, mama. Mimi naitwa Sinyangwe. Nilikuwa na mzee kwenye mawasiliano."

Bibi Kibona alisimama. Mwanamke aliyekuwa akitegemezwa na mabinti wawili alisimama mwenyewe, akamkamata Shangazi kanga kifuani.

"Kumbe ni wewe!" alisema, na uwanja wote ukasikia. "Mwanamke wa redio! Nimekungoja tangu vita viishe. Kila siku Sinyangwe, Sinyangwe. Usingizini anamwita Sinyangwe. Nikamuuliza ni mwanaume huyo? Akasema hapana, ni msichana, lakini ni sauti tu. Sauti! Nikampeleka kwa mchungaji aape, akaapa, sikumwamini. Sauti gani inakaa ndani ya nyumba ya mtu miaka yote hii?"

Nilimtazama Mzee Silwimba. Mdomo ulikuwa wazi. Mzee aliyesema habari za shahidi bubu alikuwa anachunguza buti zake.

"Mama," alisema Shangazi, "mimi uso wake sijawahi kuuona."

"Hata sura?"

"Hata sura."

Bibi Kibona hakumwachia. Alimvuta mpaka kwenye jeneza, akafunua kitambaa. "Haya, mtazame." Ila yeye hakumtazama mumewe; alimkodolea macho Shangazi, aone kama uso huu unamfahamu yule. Sijaona tena mtu akitazamwa vile. Shangazi aliinama, machozi yakamdondoka.

"Nilidhani ni mtu mrefu," alisema.

Bibi Kibona akaguna, na sijui kilikuwa kilio au kicheko. "Kila aliyemsikia alidhani hivyo," alisema. "Kwa sauti ile." Akaachia kanga.

Kaburini Mzee Silwimba aliita majina. Aliita wote, akatoa habari za wasiokuwepo, kisha akakohoa, akaita kwa nguvu kuliko alivyoita wengine: "Sinyangwe!" Shangazi alikuwa nyuma, karibu yangu, ameinamisha kichwa upande kama afanyavyo kwenye redio. "Nipo," alijibu, kwa sauti ndogo mno. Kisha wakamwita Kibona, na sote tukakaa kimya. Tuliporudi Tunduma, Baba alichukua sahani yake, akaja kukaa mkekani. Hakusema samahani, yeye aliyezoea kuomba samahani kwa mbuzi. Alimsogezea dada yake bakuli la mboga, na Shangazi akasema, "Nimekupata," nikawachukia wote wawili kwa kunifanya nilie mbele ya Mama.

Yoramu hajarudi. Baba amezeeka, na bado akiona lori lenye namba za Zambia anamuuliza dereva kama ametokea migodini. Mimi nami bado ni mtoto wa Mama. Kuna siku naliwaza lile neno la Shangazi, nilidhani ni mtu mrefu, na naona lilikuja upesi mno, kutoka kwa mtu aliyejifunza kazi ya kuchagua neno moja la kuokoa watu. Nilimuuliza mwaka jana kama kweli hakuwahi kumwona. Alicheka, akaongeza sauti ya redio. Bibi Kibona anakuja kututembelea kila baada ya mavuno ya kahawa, wanakaa pamoja wakichambua maharage, na katikati ya mazungumzo mengine kabisa humgeukia ghafla: "Hata sura?" Shangazi hujibu bila kuinua macho, "Hata sura." Kisha maharage yanaendelea.

Uwanjani kwa marehemu Silwimba siku hizi majina huitwa na mwanawe, na yanakwisha kabla chai haijapoa. Mimi mwenyewe kitambulisho changu kinasema Sinyangwe, kama wasichana wote wa rika langu walioandikishwa shule kwa jina la baba. Nikivuka kwenda kwa ndugu zetu upande wa pili, naweka kidole kwenye mashine, taa inawaka kijani, na hakuna anayeniuliza kama jina ni langu. Inanishangaza kila mara. Shangazi yangu hakuwa na mashine. Baba yangu, ndugu yake wa damu, hakumwamini, na mashujaa wenzake walimwacha kwenye mkeka wa uji. Katika nchi nzima alikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa na uhakika kwamba yeye ndiye, na mtu huyo alikuwa anamchukia.