Shamba Ndani ya Shati

Sabuni ya mche ikilowa juu ya jiwe hutoa harufu inayonirudisha Mururu papo hapo, kwenye kijito kilichopita chini ya shamba la jirani yetu, Mzee Kanani. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Bukavu na mikeka miwili na sufuria moja, na Maman alitulisha kwa kufua kanzu za wafanyabiashara wa Kamembe. Kanzu ya Ijumaa haitaki doa. Tulizianika kwenye nyasi za mteremko, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza. Nasema bila haya kwamba Mururu nzima hapakuwa na mtoto aliyezigeuza vizuri kuliko mimi.

Msimu ule wa mvua maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Mzee Kanani alikuwa amechoma mabua yote ya mahindi, akalima mpaka ukingoni, shamba likawa safi kama ua uliofagiliwa. Kwetu shamba safi lilikuwa heshima. Ukiacha mabua, majirani walikuita mvivu. Mvua ilipopiga, udongo ule uliogeuzwa ukateremka kijitoni. Maman akainua kanzu tatu moja baada ya nyingine, akasema tu, “Haitoki.” Wateja wawili wakahamia kwa mfuaji mwingine, nasi tukaanza kula mara moja kwa siku.

Maman akapanda mteremko kumwomba Mzee ayaache mabua shambani na asilime ukingoni. Mzee akacheka. “Maman Furaha, niache buchafu mu shamba? Bantu batasema Kanani amezeeka, jembe imemushinda!” Maman hakubishana. Aliomba shati lake jeupe la kanisani, amfulie bure. Jumamosi tukamrudishia, limekunjwa vizuri, kahawia kuanzia kola hadi pindo.

“Hii ni nini?”

“Ni shamba yako, Mzee. Nakurudishia.”

“Shamba yangu iko pale!”

“Ingine iko pale. Ingine iko humu mu shemizi. Na ile mingi imeshaingia mu mto Rusizi, inaenda Burundi bila pasipoti.”

Mkewe ndiye aliyecheka kwanza. Kesho yake Mzee alisali amevaa koti lililofungwa hadi shingoni, kwenye jua kali. Lakini msimu uliofuata aliacha mabua yalale shambani, akachimba vishimo vya mbegu tu, na ukingoni akaacha nyasi. Maji yalisafika polepole. Mteja mmoja alirudi. Wa pili hatukumwona tena.

Leo nina diploma ya kilimo, niliyojilipia kwa kuuza sabuni, bila mjomba wala mfadhili. Nazunguka Nkungu na Butare nikiwashauri wakulima wasigeuze udongo wote. Nikieleza mambo ya darasani wanapiga miayo. Nikichovya kitambaa cheupe kwenye kijito chao, wanasogea kukitazama. Juzi, baada ya mvua kubwa, mkulima mmoja wa Nkungu aliyeanza kuacha mabua mwaka jana aliniita kwa kiburi kinachokaribia changu: “Madame, njoo chovya kwangu!” Kitambaa kilitoka na ukahawia hafifu. Nilimpelekea Maman, ambaye sasa ana maji ya bomba na mikono isiyoweza tena kukamua. Akakiinua kwenye mwanga, akakisugua kwa kidole gumba.

“Hii,” akasema, “inatoka.”