Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Thika, hakuna aliyeniuliza cheti. Mkuu wa Chumba cha Michoro, mama mrefu tuliyemwita Madam Njoki, alinitilia kipanya mkononi. "Wewe ndiye fundi mpya wa kompyuta? Haya. Hii mausi inaruka kama panzi na mimi niko na ramani ya kumaliza."

Kampuni yetu ilichora ramani za mashamba kutokana na vipimo vya wapimaji ardhi. Vipanya vya siku zile vilikuwa na mpira mdogo tumboni. Ukisukuma kipanya, mpira unazungusha vigurudumu vya ndani na mshale unatembea kwenye kioo. Nilifungua kifuniko cha chini, nikatoa mpira, nikakwangua uchafu ulioganda kwa kijiti cha meno kilicholowa spiriti. Madam Njoki akachora mstari, ukanyooka. "Kumbe unajua kazi," akasema. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu.

Nilikaa Thika miaka mingi. Vipanya vya mpira vikaisha, vikaja vya mwanga. Kisha nikahamishiwa tawi la Ruiru, upande wa Gitothua, chini ya Meneja wa Tawi, mtu mpole wa sauti lakini asiyecheza na tarehe. Huko ndiko nilikokutana na kipanya cha mguso.

Kwa msiokijua, kipanya hiki hakina gurudumu wala vifungo vya kuonekana. Mgongo wake ni laini, nao unahisi vidole. Telezesha kidole kimoja, mchoro unasogea. Viwili, unapindua kurasa. Gonga mara mbili, mchoro unakua. Wachoraji walikichukia. Mtu akipumzisha kidole tu, shamba zima linatoroka kwenye kioo. "Fundi, turudishie zile za zamani," waliniambia kila asubuhi.

Sikurudisha. Niliketi na kila mmoja, nikatazama anavyoweka mkono, ndipo nikafungua mipangilio. Huyu nikampunguzia kasi ya mshale. Yule nikamzimia ule mtelezo unaoendelea hata baada ya kidole kuinuka. Nilikuwa na daftari, kila mtu na ukurasa wake. Mwezi haukuisha kabla malalamiko hayajakoma. Nasema hivyo kwa majivuno, na sioni haya.

Baadaye Madam Njoki naye akaletwa Ruiru kuongoza wachoraji. Hakumaliza mwaka, akapigwa na kiharusi. Aliporudi alitembea na mkongojo. Akili yake ilikuwa ile ile, ulimi wake mkali ule ule, lakini mkono wa kulia ulilala tu mapajani.

Meneja aliniita ofisini. "Mwaura, nataka ukweli. Huyu mama ataweza kazi, ama tumwandikie barua apumzike? Michoro ya mashamba ya Theta inatoka Ijumaa ya wiki ijayo."

"Nipe mpaka Jumatano, bosi."

"Jumatano. Sio Alhamisi."

Lazima mwelewe ugumu wenyewe. Mchoraji hufanya kazi kwa mikono miwili: mmoja kwenye kipanya, mwingine kwenye kibodi, akitoa amri za kufunga mstari, kufuta, kutengua kosa. Madam Njoki, akiwa na mkono wa kushoto pekee, alilazimika kuacha kipanya kila mara ili abonyeze kibodi, na akirudi mshale umeshapotea. Nikaamua kuzihamishia amri zile mgongoni mwa kipanya, kwa programu ndogo ya ziada. Vidole viwili kwenda kushoto, kutengua. Vidole vitatu vikigonga, kufunga mstari. Vidole viwili vikigonga, kufuta. Nilijaribu mwenyewe nikaona ni tamu kabisa.

Jumatatu alikaa nacho. Alipogonga vidole vitatu, kimoja hakikufika. Kipanya kikahesabu viwili, na mpaka wa shamba aliotoka kuuchora ukafutika. Akarudia. Ukafutika tena. Akakisukuma kipanya kando.

"Wacha, Mwaura. Watu wananiangalia. Usinifanye mtoto."

Niliona macho yake yamelowa, na tangu nimjue sikuwa nimeona hivyo. Niliaibika, kwa sababu ghafla nilijua nilipokosea.

"Madam, mkono wako hauna shida. Ni mimi nimekipanga kipanya kwa mkono wangu."

Nilimwomba auweke mkono mezani bila kufanya lolote, nikautazama. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa na nguvu. Cha pete kilichelewa. Basi nikaondoa amri zote za kugonga kwa vidole, nikabakiza mitelezo: kidole kimoja kwa amri ndogo, viwili kwa kubwa, na kufuta nikakuweka kwenye mtelezo mrefu ambao mtu hawezi kuufanya kwa bahati mbaya. Mshale nikaupunguza mbio. Tulirekebisha kutwa nzima ya Jumanne, yeye akichora huku akiniamuru kama zamani: "Hapana, hiyo ni nyepesi. Ongeza. Haiya, sasa umezidisha!"

Jumatano Meneja alikuja, akasimama nyuma ya kiti chake. Mashamba ya Theta yalikuwa yamepangika kwenye kioo, mipaka safi, kona zote zimefungwa.

"Nani amechora hii?"

Madam Njoki hakugeuka. "Ni mimi. Uliza swali lingine."

Michoro ilitoka Ijumaa, na mama yule aliendelea kuongoza chumba mpaka umri wake wa kustaafu ulipofika, akaondoka kwa sherehe na keki.

Nami sasa nimestaafu, naishi Kahawa Wendani. Vijana wa kazi hii wananizidi kwa mengi, na nafurahi. Nawaomba kitu kimoja tu: mkiitwa kumpangia mtu kompyuta, uangalieni mkono wake kabla ya kioo.

Juzi simu ililia. Ilikuwa Madam Njoki. Watoto wake walikuwa wamemnunulia kompyuta mpya, na kipanya chake kilikuja kimepangiwa mtu wa mkono wa kulia.

"Nakuja kesho asubuhi, Madam," nikasema, tayari natafuta miwani yangu.

"Uje kufanya nini? Nimeshaipanga mwenyewe. Nilitaka tu ujue."