Tarumbeta ya Matanga

Nilijifunza kupiga tarumbeta kwa mpira wa kunyonyea mafuta. Baba aliuomba kwa vijana wanaouza petroli kwa chupa kandokando ya barabara ya Sake. Aliukata, akapachika mdomo wa chupa ya plastiki upande mmoja, na upande wa pili mimi nikachomeka kidomo cha shaba ambacho mwalimu aliniruhusu kwenda nacho nyumbani. Ulitoa sauti. Haikuwa sauti nzuri, na midomo yangu ilinuka petroli tangu asubuhi hadi jioni, lakini mtu anayejua nyimbo za kanisani angeutambua wimbo niliokuwa nautafuta. Majirani walisema nina mbuzi mgonjwa ndani ya hema.

Nyumbani palikuwa Mugunga, katika kambi ya waliokimbia vita, kando ya mji wa Goma. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, watu wa ng'ombe na maharagwe. Tulipokimbia mara ya kwanza nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Tukarudi, tukajenga, tukakimbia tena. Mara ya mwisho ng'ombe walibaki kwa wenye bunduki, na baba, ambaye hakuwahi kutumikia mtu maishani mwake, akaanza kusukuma chukudu ya mtu mwingine, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali, akipeleka makaa sokoni. Kambi ilikaa juu ya mawe meusi ya volkano. Pale huchimbi choo, huchimbi hata shimo la kigingi. Bashi, turubai la hema, ilishikiliwa kwa mawe, na upepo wa ziwani ulipokuja usiku tulishika pembe zake kwa mikono.

Shule ya muziki ilikuwa mjini, darasa moja nyuma ya kanisa. Mwalimu alikuwa muzee kutoka Bukavu aliyefundishwa muziki utotoni na mapadri. Hakututoza kitu. Alikuwa na tarumbeta chache zilizokwisha kuungwaungwa, wanafunzi wengi, na sheria moja: wa mwaka wa kwanza hutumia za shule, anayepanda mwaka wa pili aje na yake, maana nyuma yake kuna wengine wanasubiri. Aliniambia sheria hiyo akiwa anapanguza ubao, hakunigeukia. Nadhani alijua anamwambia nani.

Baba alitaka kwanza aione tarumbeta mpya kwa macho yake. Tukaenda wote wawili kwenye duka linalouza vyombo vya muziki, katikati ya mji. Ilikuwa ndani ya kioo, inang'aa, imelala juu ya kitambaa chekundu kama mtoto wa mfalme. Mwenye duka alitaja bei kwa dola. Baba hakuwa amezoea kufikiri kwa dola. Aliuliza ni ng'ombe wangapi.

Mwenye duka alidhani ni mzaha, akacheka. Halafu alipoona baba bado anangoja jibu, akasema, "Wawili, muzee. Tena wazuri."

Baba aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali bei. Zamani ng'ombe wawili hawakuwa kitu kwake. Alishawatoa zaidi ya hapo kwa ajili ya mahari ya mdogo wake. Akashukuru, akatoka. Tulirudi Mugunga kwa miguu, na tangu siku hiyo hakuniuliza tena habari za masomo yangu. Wengine waliona amekataa muziki. Mimi nilijua anaona haya.

Nikaanza kutafuta njia zangu. Parokia iliyokuwa na tarumbeta iliniambia kwamba ni za wavulana, kwa sababu msichana akiolewa anaondoka nayo. Rafiki mmoja alisikia katika mji wa Kiwanja kuna mfanyabiashara anauza iliyotumika kwa bei ndogo, lakini barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na vita, na ilipofunguliwa yule mtu alikwisha kuhama.

Kisha wakaja wageni. Walikuwa Wazungu wawili na Mkongomani aliyewatafsiria, watu wapole, na walikuwa wamesikia kuna msichana wa kambini anayejifunza muziki kwa mpira wa petroli. Walinipiga picha na mpira wangu mbele ya hema. Halafu wakaniomba nishike tarumbeta ya shule, nikae juu ya jiwe, nitabasamu. Mama alivaa kitenge chake cha Jumapili akasimama nyuma yangu. Wakasema watanisaidia nipate chombo changu, na mimi nikaamini, kwa sababu waliandika jina langu wakaniuliza mara mbili kama wameliandika vizuri.

Miezi ikapita. Likaja sanduku lao shuleni, na ndani yake mlikuwa na filimbi za plastiki, nyeupe, za watoto wadogo. Mwalimu alizigawa. Baadaye sana mwanafunzi mwenzangu alinionyesha ile picha kwenye simu yake: mimi, jiwe, tarumbeta, na kitenge cha mama nyuma. Chini yake waliandika kwa Kifaransa kwamba leo nina chombo changu mwenyewe.

Basi ndipo nilipokwenda kwa mzee tuliyemwita Papa wa fanfari. Goma mtu mwenye uwezo hazikwi kimya. Mbele ya jeneza hutembea fanfari, kundi la tarumbeta na ngoma, watu waliovaa koti lenye vifungo vya dhahabu na glavu nyeupe, na sauti yao ndiyo huwaambia watu wa kartiye, mtaa mzima, kwamba aliyekufa alikuwa mtu. Papa huyu alikuwa askari zamani, mpigaji wa jeshi. Alipoacha jeshi alikusanya tarumbeta moja moja mpaka akawa na kundi lake. Ilijulikana kwamba mwanafunzi asiye na kitu anaweza kupata chombo kwake, ila masharti yake si ya huruma.

Alinisikiliza nikipiga, akanisahihisha namna ya kushusha pumzi, na kwa kweli alisahihisha vizuri. Kisha akatoa tarumbeta moja kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa kuukuu, imebonyea ubavuni, lakini ilisema kama mtu mzima. Masharti yalikuwa haya: nitapiga naye kwenye matanga kutoka Pasaka ile hadi Pasaka ijayo bila malipo. Nitaweza kuitumia shuleni. Nikikosa mazishi hata mara moja bila sababu, nimepoteza. Pasaka ikifika, ni yangu.

"Na kazi haitakosekana," akaniambia akinikabidhi. "Ona namna vita inakaribia. Utachoka wewe."

Mama alipoambiwa nilivyoipata, hakutaka ilale ndani. Alisema kwa utulivu, akiendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo: "Usiingize ile kitu humu. Inakulaka watu." Nikaifunga kwenye gunia nikaiweka nje chini ya mawe yaliyoshikilia bashi. Mwaka mzima ililala nje kama mbwa.

Nilipanda mwaka wa pili. Asubuhi nilikuwa makaburini, mchana darasani, na mara nyingi niliingia darasani nikiwa na vumbi la kaburi kwenye viatu. Nilizika wafanyabiashara, nikazika akina mama waliokufa kwa uzazi, nikazika makanali ambao familia zao zilitaka wimbo uchezwe mpaka watu wa mwisho waondoke. Mwalimu alisema sauti yangu imekomaa. Ingeachaje kukomaa? Kila siku nilipiga mbele ya watu wanaolia, na mbele ya watu wanaolia hupigi ovyo. Wenzangu katika fanfari walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto. Asubuhi walipokutana waliulizana, "Mji unasemaje leo?" na mji ukiwa umenyamaza, hakuna msiba, walinung'unika. Sikuwalaumu. Walikuwa wanakula kwa hiyo.

Kwaresima ilikuwa imeanza, Pasaka inakaribia, mabomu yalipoanguka kambini. Ilikuwa asubuhi, watu wanawasha moto. Mama alikuwa na rafiki mmoja pale, mwanamke wa kwetu mlimani. Walishirikiana mafiga, huyu akipika yule anangoja, na chumvi ilikuwa moja. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Aliporudi hakukuta rafiki yake, wala binti mdogo wa rafiki huyo, wala mafiga.

Walizikwa pamoja na wengine wa kambini siku moja, baada ya kungojeshwa sana na wakubwa waliotaka kutoa hotuba. Nilikwenda kwa Papa kumwomba fanfari itoke. Nilimwambia hao si watu wa mbali, ni majirani zangu, na hawana mtu wa kuwalipia. Alinipa kiti. Alinipa pole, na sidhani ilikuwa pole ya uongo. Halafu akaniambia kwamba akitoa fanfari bure leo kwa wadeplase wa kambini, kesho kila mutu atataka bure, na watoto wa wapigaji wake watakula nini.

"Basi niache niende peke yangu na hii," nikasema.

"Hiyo si yako bado. Inatoka ikilipiwa."

Nilikwenda nayo. Niliona ni afadhali nimwambie wazi, nikamwambia, kisha nikaondoka. Pale makaburini majeneza yalikuwa yamepangwa mstari, mengine mafupi. Wakubwa walipomaliza hotuba zao na magari yao kuondoka, nilitoa tarumbeta kwenye gunia nikapiga zile nyimbo za ibada ambazo wanawake wa kwetu huziimba wakipalilia. Hakuna aliyeniomba. Mama alikuja akasimama karibu nami, begani kwangu, akasimama hapo mpaka mwisho. Jioni niliikuta tarumbeta ndani, kando ya mkeka wangu. Yeye ndiye aliyeiingiza.

Kesho yake Papa alituma nirudi nayo. Alikuwa amekwisha kuamua. Hakupiga kelele, alisema mkataba ni mkataba, nimeuvunja, na kama bado naitaka basi mwaka wangu unaanza upya, Pasaka hii hadi ijayo. Nilimtazama nikaona hafanyi hivyo kwa hasira. Alikuwa amehesabu tu. Niliiweka mezani, nikaweka na glavu juu yake, nikatoka.

Mwalimu hakunifukuza. Aliniruhusu kukaa nyuma na kusikiliza. Ukitaka kujua njaa ni nini, kaa katika darasa la tarumbeta huna tarumbeta.

Kisha vita ikaingia mjini. Siku zile hakuna asiyezijua: maji hakuna, umeme hakuna, benki zimefungwa, na mjini maiti wanaokotwa barabarani. Mwalimu alikwisha kupanda mashua kurudi Bukavu. Tangu hapo sijasikia habari zake. Darasa likafungwa kwa kufuli, halafu kufuli likavunjwa, na zile tarumbeta za kuungwaungwa zikaenda zilikokwenda.

Mapigano yalipotulia, alifika kambini mwanamke mmoja juu ya pikipiki, akiuliza hema letu. Alikuwa mke wa Papa. Alikaa chini juu ya jerikani, akatueleza kwamba risasi ilipita kwenye ukuta wa mbao na kumkuta mumewe kitandani. Alikuwa amelala hapo juu ya vyombo vyake, hakutaka kukimbia na kuviacha. Mwanamke huyu alitaka azikwe na fanfari kama watu wote aliowazika. Lakini wapigaji walikataa kutoka bila malipo, na pesa zake zilikuwa benki, na benki zilifungwa. Mmoja wao alimwambia kwa adabu kwamba Papa mwenyewe aliwazoesha hivyo.

"Mwanangu, sina franga," akaniambia. "Cha kukupa niko nacho ni ile tarumbeta tu. Njoo umuzike, ibaki kwako."

Nilimwangalia mama. Mama alifikiri kidogo, akasema, "Enda umuzike. Lakini usimulilie."

Nilimzika. Makaburini kila upande watu walikuwa wanachimba kwa haraka, na sisi tulikuwa wachache, mjane, wanawe na mimi. Nilipiga alivyonifundisha, nikishusha pumzi alivyonisahihisha siku ile ya kwanza, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kupiga vizuri. Sikulia. Watu wa makaburi mengine walisimamisha majembe wakasikiliza, na mwanamke mmoja nisiyemjua akaja kuniomba nipige na kwao pia. Nikaenda. Nikaenda na kwa mwingine. Nilipiga mpaka midomo ikapasuka, na hakuna niliyemwambia habari ya malipo. Mjane alinifungia tarumbeta ndani ya koti la marehemu, lile lenye vifungo vya dhahabu. Koti nilimrudishia.

Hivyo ndivyo nilivyoipata, nami sina tena shule ya kuipeleka. Baada ya majuma machache waliouteka mji walituamuru tubomoe kambi turudi makwetu. Tulipanda Masisi, tarumbeta ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Nyumba haikuwapo. Kwenye malisho yetu tulikuta ng'ombe wa mtu mwingine, na baba sasa huwachunga hao kwa mshahara, juu ya kilima alichozaliwa. Huwasifu ng'ombe hao kwa majina aliyoyatunga mwenyewe, kama wake.

Mimi napiga kanisani kila Jumapili. Mara mbili wamekuja kuniomba nipige kwenye mazishi, na yule wa mara ya kwanza alileta kuku. Nilikwenda, kuku nikamrudishia. Watu wanapenda sauti yake. Baada ya misa huja kuishika, hupitisha kidole pale ilipobonyea, huniuliza kama ni ya Ulaya na kama niliinunua ghali. Nawaambia niliipata Goma. Hawaulizi zaidi, hapa kila mtu ana kitu alichokipata Goma.