Kofia ya Nyaya Sokoni Kangeta

Swali moja lilininyima usingizi: je, mtu anayeficha ugonjwa wake anaweza kuwaambia wengine wasiuogope? Nikijigeuza kitandani, katika chumba changu cha kupanga kule Majimbo, Embu, nilijijibu ndiyo, kisha hapana, kisha nikaanza kujiuliza kama hata swali lenyewe nilikuwa nimeliuliza vizuri.

Nina kifafa. Kilinianza nikiwa shule ya msingi, na dawa zikakituliza kabla sijaingia chuo kikuu. Mama alinizoesha kumeza vidonge nikiwa nimegeukia ukuta. "Mambo ya kichwa hayatangazwi," alisema. "Watu watakukumbuka kwa hayo tu." Nilipohitimu nikapata kazi ya kuwaeleza wananchi kuhusu kipimo cha umeme wa ubongo, kipimo kilekile nilichokuwa nimepimwa kwa siri. Ofisini sikumwambia mtu.

Kipimo chenyewe ni kofia ya kitambaa yenye vifungo vya chuma na nyaya. Haiingizi kitu kichwani. Inasikiliza tu, na tarakilishi inachora mistari ambayo humsaidia daktari kujua mtu huanguka kwa sababu gani na apewe dawa ipi. Maelezo hayo nilikuwa nimeyatoa mara mbili Kangeta, kule Meru. Watu walisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, wakatushukuru, na hakuna hata mmoja aliyefika kupimwa katika zahanati iliyo karibu na soko.

Mara ya tatu tuliweka meza kando ya soko la miraa, mimi na fundi wa mashine, kijana mcheshi kutoka Makutano. Watu wakakusanyika.

"Baite, rafiki, hiyo kitu inasoma mawazo?" mwanamume mmoja akauliza.

"Isisome ya huyu," jirani yake akadakia. "Bibi yake ako hapo nyuma!"

Wakacheka. Fundi akaona huo ndio wakati mzuri, akajivalisha kofia yeye mwenyewe. Mistari ikaanza kutembea kwenye kioo cha tarakilishi. Akatabasamu, akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayeonyesha kofia ya harusi.

"Huyo ni wenu," akasema mama mmoja muuza miraa aliyeketi mbele yetu. Kando yake, juu ya gunia, alikuwa binti yake wa miaka kama kumi, kichwa amefungwa kitambaa. Nilimkumbuka mama huyo. Safari iliyopita aliniambia kwamba mtoto alianguka darasani na tangu siku hiyo hajarudi shuleni. Akaniambia pia anachoogopa: kwamba nyaya zile zitamvuta hata akili kidogo iliyobaki.

"Lakini amevaa, mama, na haijamfanya kitu," nikasema.

Akainua kibunda cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba. "Mwari, binti yangu, hapa hakuna mtu ananunua hii ikiwa imefungwa. Nafungua, na mnunuzi ndiye ananichagulia kijiti cha kutafuna. Nikijichagulia mwenyewe, si nitatoa kile kizuri? Sasa nyinyi mmejichagulia kichwa kizima. Leteni kichwa kinachoanguka, kivae hiyo kofia tukiona."

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia.

Fundi akanitazama, akingoja nijibu. Majibu niliyokuwa nayo yote yalikuwa ya semina. Nikawaza: nikivaa na mistari iruke vibaya, watakimbia. Ikitulia, watasema nadanganya. Habari zitafika ofisini. Zitafika Embu kwa mama kabla sijafika mimi. Wengi huamini kifafa huambukizwa kwa mate, basi mate yangu yatakuwa sumu, kikombe changu kitawekwa kando. Kisha nikamwona yule binti. Alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta kitambaa kifunike uso, jinsi nilivyokuwa nikigeukia ukuta.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Kichwa kinachoanguka ni hiki changu," nikasema. "Nina kifafa tangu nikiwa mdogo kuliko huyu."

Mwanamume mmoja aliyesimama mbele alirudisha mguu wake nyuma. Fundi alikuwa ameshaivua kofia; alibaki ameshika hewani chupa ya jeli, ile inayopakwa chini ya vifungo.

"Si ungeniambia?" akanong'ona.

"Nimekuambia sasa. Nivalishe."

Alipomaliza kubana vifungo kichwani mwangu, mistari ikaanza. Yule mama akasimama, akaja mpaka kwenye tarakilishi.

"Fikiria kitu," akaniamuru.

"Nimefikiria."

"Haya kijana, soma."

Fundi akakitazama kioo kwa makini. "Naona amepepesa macho. Mengine hayako hapa. Labda nikisie ana njaa."

"Hiyo hata mimi naona!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikapasuka kutoka pande zote. Yule mwanamume wa mbele akaurudisha mguu wake mahali pake.

Yule mama hakucheka. "Na ukimeza dawa, bado unaanguka?"

"Mara ya mwisho nilikuwa kidato cha tatu."

"Na chuo kikuu ulimaliza?"

"Nilimaliza."

Akawageukia wenzake, akayarudia majibu yangu kwa Kimeru, kwa sauti ile ya kuitia wanunuzi. Kisha akamfungua binti yake kitambaa, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni.

"Mvue huyo kofia," akamwambia fundi. "Kuna mwingine."

Tulimpimia binti ndani ya zahanati, mama yake amemshika mkono. Tulipotoka, watu walikuwa kwenye benchi na wengine wamesimama ukutani wakingoja, na fundi akaanza kulalamika, kwa furaha, kwamba jeli haitatosha.

Saa yangu ya dawa ikafika. Kwa mazoea nilianza kugeuka. Nikasimama. Nikaitoa pakiti mkobani, nikaomba maji, na huku uso wangu ukiwaelekea wote waliokuwa kwenye benchi, nikameza.