Nilimpita Mbioni, Akanipita Maishani

Mwenzangu niliyekimbia naye sekondari amefariki. Simu ilinikuta uani hapa Yakobi, nachambua viazi vya mbegu, mtoto mgongoni. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua sipambi maneno, basi nitasema kweli: kabla ya machozi ulikuja wivu. Hata msiba wake kule Makambako ulijaa wageni wa mikoani na wanariadha waliovaa fulana za kufanana. Mimi nikifa watakuja majirani na sufuria zao.

Msibani kila aliyesimama alisimulia mbio zile, na hakuna aliyejua kwamba msichana anayetajwa mle ndiye anayewaoshea sahani. Tulikuwa kidato cha tatu, uwanjani Njombe, asubuhi ya ukungu. Marehemu alikuwa ameniacha hatua kumi na tano hivi. Mama zake wadogo walitoka kumpokea, na kwa furaha wakatandika vitenge chini kabla ya utepe, kama tunavyomtandikia bibi harusi. Sasa mtoto aliyelelewa kwetu hakanyagi kitenge cha mama yake mbio mbio. Akapunguza mwendo, akainamisha kichwa, akaanza kutembea kwa adabu. Mimi nikapita pembeni kwenye nyasi, nikakata utepe. Mama mmoja akanifokea, "We mtoto, huoni mwenzio anapokewa?" Nikamjibu, "Shikamoo mama, mbio haziishii hapo."

Swali moja halikumwacha mwenzangu tangu siku ile: miguu ilikuwa na nguvu, nani aliisimamisha? Akalibeba hadi chuo kikuu, akasomea saikolojia, akarudi kufungua chumba kidogo Makambako, anakaa na wakimbiaji na wacheza mpira akiwafundisha kuukabili woga kabla ya mashindano. Kushindwa kwake kukawa kazi. Ushindi wangu je? Nilimaliza kidato cha nne, nikapata mimba, cheti kikaliwa na panya. Nikimwona anashuka kwenye gari lake nilisema moyoni, gari lile ni langu, maana nisingempita angekuwa na nini cha kusimulia?

Mwaka jana alikuja kwangu. "Kamwene, bingwa," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Bingwa wa viazi," nikamjibu. Akacheka, akakaa juu ya gunia bila hata kulifuta vumbi. Alitaka niende Jumamosi nikazungumze na mabinti anaowafundisha. "Mimi najua kushindwa tu, dada. Wakiniuliza mtu akishinda halafu asiitwe popote anaishije, sina jibu. Wewe unalo."

"Umeshakula hadithi yangu," nikamwambia, "sasa unataka na makombo?"

Akanisaidia kuchambua gunia zima, akaaga, akaondoka. Jumamosi ilifika sikwenda, wala hakuomba tena.

Nimemkasirikia hadi kaburini, lakini nikiitazama hasira hii vizuri naona si yeye ninayemkasirikia. Huku kwetu tunampigia binti vigelegele siku moja, kesho yake tunamkabidhi jembe, na hakuna anayemuuliza kichwani kumebaki nini. Mwenye kovu usidhani kapoa. Yeye alijiuliza mwenyewe, akapata njia. Mimi nilikaa miaka yote nikisubiri kuulizwa, na alipokuja mtu mmoja tu wa kuniuliza, nikamtukana.

Matanga yalipoisha nilikwenda kwa wale mabinti. Niliwaambia jinsi siku ya pili baada ya kushinda nilivyoamka nikapalilia, na jinsi nilivyolia shambani bila kujua nalilia nini. Mmoja akauliza, "Mama, ulikuwa unamwonea wivu mwalimu wetu?" Nikasema ndiyo, na hata sasa. Wakasogea karibu.

Kama yupo unayemwonea wivu naye amekuja mlangoni kukuomba kitu, mpe, hata ukiwa umenuna. Mimi nilisubiri wivu uishe kwanza. Haujaisha mpaka leo. Yeye ndiye aliyetangulia kwisha.