Wakizima Mtandao, Silantoi Hanyamazi

Jua halijapanda vizuri, lakini mnada wa mifugo wa Ngaramtoni umeshachangamka. Silantoi Lemburis anapita katikati ya mbuzi, simu mdomoni, akizungumza Kimaasai. Anawaonya wafugaji: Nduruma kuna mbuzi wanaokohoa, mtu asinunue mnyama bila kujua alikotoka.

Anabonyeza. Sauti inakwenda kwenye kundi la WhatsApp lenye wafugaji zaidi ya mia tano, wengi wao hawajui kusoma.

"Dawa nauza, habari nagawa bure," anasema mama huyo wa watoto watatu, mwenye duka la dawa za mifugo sokoni hapo.

Serikali ilipozima mtandao kwa zaidi ya wiki, ikitaja usalama, habari hizo nazo zilikatika. Silantoi alikuwa ameshaona dalili za homa ya mapafu kwa mbuzi walioletwa mnadani. Akarekodi onyo, likakwama kwenye simu.

Siku hiyo Saruni, mdogo wa mume wake, alinunua beberu na kumchanganya na kundi lake. Wiki haikuisha, mbuzi wakaanza kuanguka mmoja mmoja.

"Aliniuliza, 'Shemeji, mbona safari hii hukutuambia?' Niliona aibu. Halafu nikapandwa na hasira."

Mnada uliofuata, mtandao ukiwa bado umezimwa, aliazima kipaza sauti cha usharika wa kanisa kwa mwinjilisti Anaeli, akapanda juu ya kreti za soda na kutangaza. Wanunuzi wakaanza kurudi nyuma, wakiwakagua mbuzi midomo na pua. Ndipo akatokea ofisa mmoja wa serikali.

"Mama, shuka. Huna kibali, na hali ya usalama unaijua. Neno moja la uongo linaweza kuleta vurugu hapa."

"Naijua, baba," Silantoi akamjibu. "Kuna mtu alileta uchochezi kwenye kundi langu, nikamwondoa mwenyewe. Nionyeshe uongo wangu, nishuke."

Hakuonyeshwa. Alishushwa, akapelekwa ofisini na kukalishwa mpaka jioni, akitakiwa kuahidi kwamba hatatangaza tena.

"Niliwaambia siwezi kuahidi kunyamaza huku mali za watu zinakufa. Wakachoka, wakaniachia."

Silantoi hapingi nchi kulindwa. "Wanaochochea wawashike. Lakini mfugaji asiyejua ugonjwa umefika wapi, huyo ana usalama gani?"

Saruni alibakiwa na mbuzi wanne. Siku hizi yeye na shemeji yake wanazunguka vijijini wakikusanya sahihi. Wanataka halmashauri iwafikishie ombi wakubwa: hata mtandao ukizimwa, tahadhari za magonjwa ya mifugo ziachwe zipite.

Je, wakikataliwa?

Silantoi anacheka kidogo, anajifunga shuka vizuri begani. "Nimeshanunua kipaza sauti changu mwenyewe. Wakizima tena, nitatangaza. Ofisa yule anajua pa kunipata."